Kondoo wa Brigitha

Husby, Stockholm
3 Mei 2009

Shemeji Anselmo,

Natuma video ya mazishi pamoja na picha chache. Kanisa lilijaa. Kijana wetu Jonas alikuja kutoka kaskazini akakaa na mimi, sasa amesharudi kazini. Yule anayetafsiri maneno ya Waswidi kwenye video ni jirani yetu Dieumerci, Mkongo, mtu mwema.

Mwambie Mama kwamba Brigitha hakuteseka sana mwishoni. Mimi mzima.

Mungu ni mwema.

Bethuel

*

Uwemba, Njombe
14 Juni 2009

Shemeji Bethuel,

Kamwene. Video imefika na tumeitazama ukumbini parokiani, kwa jenereta ya mapadri. Wajomba walikuwepo, majirani pia. Mama alikaa kiti cha mbele, akaomba turudishe ile picha waliyoionyesha ukutani kanisani, ya dada amevaa buti za mpira na kumshika kondoo shingoni. Tuliirudisha mpaka fundi akaanza kulalamika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Yule mzee mwenye nywele nyeupe, mkuu wa zamani wa dada kazini, alisimama akasema maneno marefu, na Mkongo wako akatafsiri hivi, nimeyaandika nilipokuwa nasikiliza: "Kondoo ya Mama Brigitha inajulikana dunia muzima. Mpaka leo bado iko inatumika ku mainchi mingi." Ukumbi mzima ulisikia. Mjomba Ernest akaniuliza pale pale kama nilijua dada yangu ana mfugo Ulaya. Nikasema sijui. Aibu hiyo ni yangu, lakini chanzo chake ni wewe, shemeji. Miaka yote hii hukuwahi kuandika hata mstari mmoja kwamba dada ana kondoo.

Unajua desturi ya ukoo wetu. Marehemu akiacha mnyama, matanga hayaanuliwi kwa mnyama wa mtu mwingine. Huchinjwa wa kwake, damu iingie kwenye ardhi ya nyumbani kwao, ndipo nguo zigawiwe na watu wanyoe. Kaburi la dada liko huko kwenu, hilo tumelikubali kwa uchungu. Basi hata kondoo?

Tafadhali tueleze yuko wapi, anachungwa na nani, na ana wanakondoo wangapi. Ulisema tuwe tunapiga simu, lakini Mama hataki simu. Anasema maneno ya simu yakishapita yamepita, ila barua naweza kumsomea tena Jumapili inayofuata.

Ni mimi shemeji yako,
Mwl. Anselmo

*

Husby
19 Julai 2009

Shemeji Anselmo,

Yule kondoo alikufa mwaka 1991. Alikufa kwa uzee, usingizini, kwenye shamba la utafiti lililoko upande wa Upplands Väsby, kaskazini mwa mji. Hakuwa wetu. Alikuwa wa taasisi aliyofanyia kazi Brigitha. Hakuna mtu hapa Husby anayefuga kondoo. Tunaishi ghorofa ya sita.

Nimemuuliza Dieumerci kama alitafsiri vibaya. Amekasirika. "Vieux, mie nilitafsiri muzuri. Ni bale ndio hawakusikia." Kwa hiyo sasa hata jirani yangu hasemi nami vizuri tukikutana kwenye lifti.

Brigitha ndiye aliyempa jina. Alimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa akimtazama kila mtu anayeingia bandani kana kwamba amechelewa harusini.

Naomba jambo hili liishe. Anueni matanga kwa mnyama yeyote.

Bethuel

*

Uwemba
6 Septemba 2009

Shemeji,

Jambo halijaisha.

Nimemsomea Mama barua yako. Alicheka pale penye jina la Shangazi, akaniambia nikuulize habari za wanakondoo. Kwa kuwa ni Mama ameuliza, nauliza. Kondoo jike ameishi shambani miaka mingi, shamba la wasomi, wenye madume bora ya Kizungu, asizae? Na kama alizaa, watoto wake nao wamezaa. Hawawezi kuwa wamekufa wote kwa uzee.

Jambo la pili. Kama alikufa mwaka 1991, mbona mzee wa watu alisema anatumika mpaka leo? Alisema mbele ya jeneza, kanisani. Ama yule mzee ni mwongo au shemeji yangu ananificha kitu. Wajomba wanasema huenda umempa yule Mkongo, ndiyo maana anapenda kukutafsiria. Mimi sijasema hivyo. Ninakufikishia tu.

Nilikaa darasani miaka thelathini na kitu nikiwasikiliza watoto wakinieleza kwa nini hawakuleta kazi ya nyumbani. Barua yako ina harufu ileile.

Mama anauliza pia kama unakula.

Mwl. Anselmo

*

Husby
11 Oktoba 2009

Shemeji Anselmo,

Nimekaa na barua yako kwanza, kwa sababu ningejibu siku ile ile ningekutukana, na Brigitha hakupenda mimi nikutukane. Alisema kazi hiyo ni ya kwake, dada mkubwa.

Naandika karatasi mbili. Hii ya kwanza msomee Mama, polepole. Ya pili ni yako peke yako.

Brigitha alipokuja huku mwaka 1979, alikuja kusomea upandishaji wa ng'ombe kwa sindano. Jambo lililomsumbua lilikuwa la nyumbani kwenu. Aliniambia jinsi Mama alivyokuwa akimpandisha ng'ombe kisha anakaa anangoja, anamlisha, anamkatia majani hata siku za baridi ya Juni, na baada ya miezi mingi ndipo inajulikana kwamba tumboni hamna kitu. Brigitha mdogo ndiye aliyekuwa anayabeba yale majani. Alisema ng'ombe lazima anajua, ila hakuna anayejua kumuuliza.

Huku akakuta kuna watu wamekwisha kuanza kuuliza. Mwili wa jike unatengeneza homoni, ziko za aina inayoitwa steroidi, na moja kati yake ndiyo inayolinda mimba. Homoni hiyo hupita hadi kwenye maziwa. Ukiweza kuipima kwenye maziwa ya wiki ya tatu hivi baada ya kupandishwa, utajua mapema kama kuna matumaini au hakuna. Tabu ni kuiona, maana ni ndogo mno na ina ndugu zake wanaofanana nayo kama mapacha.

Hapo ndipo anapoingia kondoo. Unamdunga kondoo ile homoni, mwili wake unaikasirikia kama kitu kigeni, na damu yake inajifunza kuikamata popote itakapokutana nayo. Lakini homoni yenyewe ni ndogo hata mwili haujisumbui kuikasirikia. Lazima uibandike kwanza kwenye kitu kikubwa. Walijaribu kondoo wengi. Wengi damu yao ilikuwa ovyo, inakamata mapacha wote bila kuchagua. Damu ya Shangazi ilikamata ile moja tu. Brigitha alirudi nyumbani siku hiyo akaimba jikoni, na wewe unajua alivyokuwa hajui kuimba.

Wakawa wanamtoa damu kidogo kidogo, kwa miaka, bila kumdhuru. Maji ya ile damu yakagandishwa kwenye friza. Tone moja linatosha kazi nyingi. Watu wa nchi nyingine wakaandika kuomba, naye akawatumia, wa kwanza na wa mwisho sawasawa. Hicho ndicho alichosema yule mzee kanisani. Kondoo hayupo. Kilichobaki ni damu yake, na ndiyo inayotumika.

Na wanakondoo, kwa kuwa Mama ameuliza: ndiyo, alizaa. Walikuwa kondoo wa kawaida kabisa na wameliwa zamani. Kile ambacho damu ya mama yao ilijifunza, watoto hawakukirithi.

Ninakula.

Bethuel

*(karatasi ya pili)*

Anselmo, hii usimsomee Mama.

Taasisi inahamia jengo jipya mwanzoni mwa mwaka. Wanazisafisha friza zote. Kanuni yao ni kwamba kisichokuwa na jina la mtu aliyepo kazini kitatupwa. Gunilla, mama wa maabara aliyefanya kazi na Brigitha tangu nywele zake zikiwa nyekundu, alinipigia simu akilia. Vichupa vya Shangazi vimeandikwa jina la Brigitha, na Brigitha hayupo tena kazini.

Nimekwenda kuonana na mkuu mpya. Alinipokea kwa upole sana, maana huku wakikunyima kitu wanakunyima kwa upole na kahawa. Alisema siku hizi kuna damu zinazotengenezwa viwandani, zinauzwa, hakuna haja ya kondoo wa mtu mmoja. Nikamuuliza kama anaweza kunipa mimi. Akaniuliza nitavifanyia nini. Mimi ninawaogesha wazee katika nyumba ya wazee ya Kista, shemeji.

Wewe unaniandikia kuhusu madume ya Kizungu, na huku kitu pekee ambacho dada yako alikifanya kwa maisha yake yote kinangojea pipa la taka. Ndiyo maana nimekasirika.

Nakwambia na jambo jingine, kwa sababu sina wa kumwambia. Miaka yake ya mwisho aliacha ng'ombe akaanza kupima mimba za älg. Huyu ni mnyama wa misitu ya huku, mkubwa kama pofu wa mbugani, pembe zake kama makoleo. Huwezi kumkamata ukamkamua. Kwa hiyo alipima homoni zilizobaki kwenye mavi yake. Likizo zetu zote tulikuwa msituni na mifuko ya plastiki, yeye mbele na zile buti, mimi nyuma nimebeba mavi. Wenzetu walikuwa wanakwenda Hispania. Siku moja tuliporudi kwa treni mfuko ukapasuka, na

Nimeacha hapo. Saa ya kazi imefika.

B.

*

Uwemba
29 Novemba 2009

Shemeji Bethuel,

Nimesoma. Nimesoma zaidi ya mara moja. Sasa naelewa kwamba kondoo amekufa kweli, na ninafuta yale maneno ya harufu ya kazi ya nyumbani. Yale ya wajomba kuhusu Mkongo hayakuwa yangu, kwa hiyo siwezi kuyafuta.

Lakini shemeji, kama ndivyo, kwa nini hukusema tangu mwanzo? Unaandika "alikufa kwa uzee" na kutia sahihi, kama mtu anayejaza fomu ya bima.

Basi sikiliza. Kama kilichobaki ni damu, lete damu. Mama amesema hivyo, kwa maneno hayo hayo, wala hakufikiri.

Na wa kuitumia yupo. Yuko Magdalene, binti wa jirani yetu wa kule bondeni, nilimfundisha darasa la nne. Sasa ni daktari wa mifugo, anafundisha Morogoro. Nilimpigia simu (mimi simu nazipiga, ni Mama tu asiyezitaka). Nilipotaja kondoo wa dada yangu ikasikika mikwaruzo, nikadhani laini imeharibika. Kumbe alikuwa anatafuta pa kukaa. Anasema hizo damu za viwandani ni ghali, na zinaagizwa leo zinafika muhula umekwisha. Aliwahi kuandika kuiomba ya Shangazi miaka miwili iliyopita, dada akamjibu kwamba atamletea mwenyewe akija likizo.

Hakuja likizo. Lete wewe.

Mama anasema ulipokuja kuposa ulikuwa unaogopa kuuliza njia, ukazunguka kijiji mpaka mbwa wakakuzoea. Anasema safari hii uulize.

Anselmo

*

Husby
21 Februari 2010

Shemeji Anselmo,

Nimeuliza. Nimeuliza mpaka kinywa kimekauka.

Taasisi wakasema watatoa vichupa iwapo chuo kitaomba rasmi. Magdalene akaomba rasmi. Wakasema vema, lakini kwanza Wizara ya huko iruhusu. Magdalene akaenda Wizarani. Wizara ikasema hii ni bidhaa ya mnyama kutoka nje, hivyo inatakiwa barua ya daktari wa mifugo kuthibitisha kwamba kondoo hana ugonjwa.

Kondoo huyu, Anselmo. Aliyekufa mwaka 1991.

Nilipokuwa nasoma hayo niliketi kwenye ngazi za jengo letu nikacheka peke yangu, mpaka Dieumerci akatoka kuniangalia. Tumepatana sasa. Yeye ndiye aliyenisindikiza kwa treni hadi Upplands Väsby, ambako Gunilla alisikia kwamba daktari mzee wa mifugo wa lile shamba la utafiti bado yu hai. Tulimkuta anaondoa theluji mlangoni. Alipolisikia jina la Shangazi akaegemea koleo, akauliza kama Brigitha hajambo. Ilibidi nimwambie pale pale kwenye theluji.

Aliandika barua yetu jikoni kwake, kwa mkono. Ameandika kwamba alimfahamu kondoo huyo maisha yake yote, na kwamba alikuwa na afya njema hadi siku aliyokufa. Wizara imeikubali. Sijui nifurahi au nilie.

Huku nako wahamishaji hawakungoja. Siku waliyokuja kubeba viti, Gunilla alikuwa bado anafunga mlango wa chumba chake asitolewe. Vichupa vingi vimetupwa, shemeji, siwezi kukuficha. Rafu mbili zilitupwa kabla hajafika. Vilivyobaki amevikausha kwa mashine, maji yote yakatoka ukabaki unga, wa rangi ya manjano hafifu kama unga wa mahindi ya zamani. Anasema ukiwa hivyo hauhitaji barafu, unaweza kusafiri hata mfukoni, na ukitiwa maji Morogoro utaamka. Mkuu mpya alipita akaona tunafungasha, akatutakia kila la heri kwa upole uleule.

Sasa viko kwangu, juu ya kabati, katika kopo la biskuti. Jonas amenikatia tiketi ya ndege. Naondoka Arlanda Ijumaa ya tarehe 16 Aprili. Nitavileta kwa mkono wangu, nimkabidhi Magdalene Dar es Salaam, na kimoja nije nacho mpaka kwa Mama.

Bethuel

*

Dar es Salaam, kwa mpwa wangu, Kimara
20 Aprili 2010

Shemeji,

Ninaandika nikiwa nimevaa koti la Njombe katika joto la Dar es Salaam, kwa sababu sikuleta nguo nyingine. Nilidhani ni siku moja.

Ijumaa hukuja. Jumamosi hukuja. Magdalene amekuja kutoka Morogoro na kurudi. Nyumbani ulanzi uliogemwa kwa ajili ya matanga umechacha, na shangazi zetu waliotoka Makete wamekaa uani wanautazama.

Jonas ameniambia kwa simu kwamba mlima wa Iceland umetema majivu na ndege zote za Ulaya zimekatazwa kuruka. Shemeji, nimefundisha jiografia. Volkano naijua. Lakini wewe uko Sweden, unakuja Njombe, na kinachokuzuia ni mlima wa Iceland? Wajomba wamenipigia simu niwaeleze nikashindwa hata kuanza. Mjomba Ernest akasema: "Kwanza kondoo aliyekufa anatumika, sasa mlima umekamata ndege. Shemeji yenu angekuwa na mke mwingine tungeelewa haraka zaidi."

Narudi nyumbani kesho. Sijui nimwambie nini Mama.

Anselmo

*

Husby
9 Mei 2010

Anselmo,

Mwambie Mama awashe redio. Dunia nzima ilisikia habari za ule mlima isipokuwa Mjomba Ernest.

Nililala Arlanda sakafuni, kopo la biskuti chini ya kichwa, pamoja na Wajerumani. Ndege ziliporuka tena likizo yangu ilikuwa imekwisha, na kazini wameniambia kwa upole nisubiri mwakani. Nilikwenda kwa Gunilla kumwambia nimeshindwa. Akanimiminia kahawa, akaniuliza kwa nini nisiutume tu kwa kifurushi, maana kibali kipo na unga mkavu hupokelewa posta kila siku.

Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alidhani nataka kuupeleka mwenyewe.

Na ni kweli. Nilitaka.

Basi nimeutuma kwa Magdalene jana. Humo ndani nimeweka pia buti zake za mpira, zile za kwenye picha na msituni. Zilikuwa hapa mlangoni tangu alipozivua mara ya mwisho, Februari ya mwaka jana. Kila nikifagia nilikuwa nazisogeza, halafu nazirudisha mahali pake. Hazimtoshi mtu hapa. Zigawieni pamoja na nguo zake, zinazofuata kwa kifurushi kingine.

Mkishapokea, chinjeni kondoo mnayemtaka, au msichinje. Sina tena nguvu za kubishana kuhusu kondoo. Nimechoka, shemeji.

Bethuel

*

Uwemba
22 Agosti 2010

Mwanangu Bethuel,

Anayesema ni mimi mama mkwe wako, Gaudiosa. Anayeandika ni Anselmo. Nimemwambia aandike kila neno, hata lisilompendeza, na akimaliza atanisomea yote.

Magdalene alikuja wiki iliyopita. Mwezi uliotangulia alikuwa ametuma kijana kuchukua maziwa ya ng'ombe wangu Kiburi, ambaye nilimpandisha nikawa namlisha kama bibi harusi. Akayapeleka Morogoro akayatilia ile damu. Majibu ameyaleta mwenyewe, akayasema kwa woga, kwa sababu ya msiba. Anasema Kiburi hana kitu tumboni.

Nilicheka mpaka wakanishika mabega. Brigitha alikuwa hivyo hivyo. Hakuwahi kusema uongo ili nifurahi, hata alipokuwa mtoto. Nimeacha kumpa Kiburi pumba.

Magdalene akanipa kichupa kimoja mkononi. Nikamuuliza kama ndiyo damu ya yule kondoo. Akasema ndiyo. Anselmo alikuwa ameazima kondoo kwa jirani, amemfunga uani, kisu kimenolewa. Nikamwambia amrudishe kwa mwenyewe. Mnyama wa mwanangu amekwisha kutoa damu yake na imefika nyumbani, wa nini mwingine? Nikautia unga maji kidogo, nikaumwaga pale alipozaliwa Brigitha, jikoni kwenye mafiga. Magdalene alifumba macho. Anasema kichupa kile kingepima ng'ombe wa wilaya nzima. Nikamwambia vingine anavyo, hiki ni changu.

Watu wamenyoa. Nguo zimegawiwa. Matanga tumeanua, Bethuel. Nawe nyoa huko.

Sasa nikwambie. Kwamba kondoo amekufa nilijua tangu siku ile ya video. Katika ile picha mwanangu hana hata unywele mmoja mweupe, na wewe umesimama nyuma ni mwembamba kama ufito. Nimefuga kondoo tangu sijavunja ungo. Ninyi mliosoma ndio mnaodhani kondoo huishi kama kobe. Anselmo ndiye aliyeamini. Hapa ameacha kuandika, nimemwambia aendelee.

Nilimtuma aulize wanakondoo kwa sababu ya barua zenu. Miaka yote mliyokaa huko mlituandikia hamjambo, Mungu ni mwema. Mwanangu amekufa, barua ikaja: kanisa lilijaa, Mungu ni mwema. Nikabaki najua kwamba kanisa lilijaa. Sikujua alikuwa anaamka anafanya nini. Halafu ile barua ya pili ulikuja umekasirika kidogo, na ndani yake kulikuwa na Shangazi anayewatazama watu waliochelewa harusini. Nikasema, kumbe hapa ndipo penye mlango.

Wewe mwenyewe uliandika kwamba damu ya kondoo haijifunzi kitu mpaka ikasirike. Kila ulipokasirika nilimpata mwanangu. Nimempata akibeba majani yangu, nimempata akiimba jikoni. Yule mzee na koleo lake kwenye theluji namwona kama namfahamu.

Karatasi ya pili nayo nilisomewa. Usimlaumu Anselmo, nilimwona ameificha mfukoni. Alipofika kwenye treni na mfuko wa mavi akaikunja, akasema hapo imeisha. Hakuna habari inayoishia hapo. Nimekaa na mfuko uliopasuka tangu mwaka jana.

Buti nazivaa mimi. Ni kubwa, nimetia matambara mbele. Nazivaa asubuhi nikienda bandani kwa Kiburi.

Andika, umalizie ile ya treni. Halafu andika tena nyingine. Ukikosa la kuandika, tafuta kwanza cha kukukasirisha.

Mama yako,
Gaudiosa

Nimeandika kila neno. Anselmo.